Uzi wa Kukatika

Sheria ya Ndege ya India ya mwaka 1934 ilikipa chombo cha angani tafsiri pana kuliko kawaida. Kila chombo kinachobebwa na hewa kilihesabiwa, na katika mifano iliyotajwa, pamoja na maputo, kiliwekwa kitu cha karatasi na vijiti viwili vya mwanzi: tiara. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka tisini hadi sheria hiyo ilipobadilishwa, mtoto wa Ahmedabad aliyepanda juu ya paa Januari 14 na kurusha tiara yake alikuwa, kwa maandishi, rubani. Leseni hakuwa nayo.

Sheria haikuwa na namna ya kuujua mchezo wenyewe. Tiara katika mji huo hazina kitabu cha kanuni, mwamuzi, chama cha kusajili wachezaji wala mshindi anayetangazwa jioni. Hata hivyo kanuni zipo, tena kali, na mtoto wa miaka sita huzifuata bila kukalishwa darasani. Hazikuandikwa popote kwa sababu zilikaa ndani ya vifaa vyenyewe: karatasi nyepesi, paa lililoshikana na paa la jirani, na zaidi ya yote uzi wa pamba unaokatika. Anayetaka kujua kwa nini mchezo wa watoto umeishia mikononi mwa mahakama, polisi na madaktari wa ndege hana budi kuuanzia uzi huo.

Kwanza tarehe. Sikukuu inaitwa Uttarayan, mwendo wa jua kuelekea kaskazini. Wanaastronomia watakwambia kwamba jua hugeuka Desemba 21 au 22. Ahmedabad husherehekea wiki tatu na ushei baadaye. Huo si uzembe. Kalenda ya Kihindu hulipima jua kwa kulilinganisha na nyota, na kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole sana, tarehe ya nyota na tarehe ya majira huachana kwa siku moja kila miaka sabini na kidogo. Sikukuu imebaki na nyota, na jua limekwenda zake. Watoto hawana ugomvi na hesabu hiyo, kwani katikati ya Januari Gujarat, jimbo la Ahmedabad, ni kavu, anga ni nyeupe, shule zimefungwa kwa sikukuu, na kinachobaki kuombewa ni upepo tu. Magazeti ya Kigujarati hutabiri kasi ya upepo wa siku hiyo kwa uzito ambao kwingineko huwekewa bajeti ya serikali.

Pili mji. Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah ukingoni mwa mto Sabarmati. Ndani ya eneo la ukuta wake wa kale watu waliishi, na wengi bado wanaishi, katika mitaa iliyojifunga inayoitwa pol. Pol ina lango, kichochoro kinachojipinda, nyumba za matofali na mbao zilizoshikana ubavu kwa ubavu, mahali pa ibada, na mara nyingi chabutro, nguzo iliyochongwa yenye kibanda juu ambako ndege huwekewa nafaka. Zamani pol moja ilikuwa ya watu wa tabaka moja, dini moja au kazi moja, na lango lilifungwa usiku. Waliojenga walitafuta usalama na kivuli. Walichopata bila kukusudia ni uwanja wa michezo wa juu kwa juu, kwa sababu nyumba zinazoshiriki kuta hushiriki pia mapaa: mtoto mwepesi huvuka nyumba kadhaa bila kugusa ardhi, akiruka kiukuta hapa na kupanda ngazi fupi pale. UNESCO ilipouingiza mji huo mkongwe kwenye Urithi wa Dunia Julai 2017, wa kwanza India kupata heshima hiyo kama mji, wageni walianza kuelekezwa watazame nakshi za milango. Kwa mtoto wa pol, mlango ni kitu cha kupitia akielekea ngazini.

Hata huko chini kichochoroni, mahali ndipo panapotunga kanuni. Katika kriketi ya vichochoro, mpira ukiruka moja kwa moja hadi ndani ya nyumba ya mtu, aliyeupiga ametoka. Kwenye uwanja wa kimataifa angepewa pointi sita. Hapa dirisha lina mwenyewe. Mchezo wa mawe saba, satodiyu, ambamo timu moja hubomoa mnara wa mawe kwa mpira na kuujenga upya huku ikilengwa na timu nyingine, unahitaji kona za kujificha, nazo zipo tele. Gololi zinahitaji kipande cha udongo, ndiyo maana hupungua kila kichochoro kinapotandazwa saruji. Hakuna aliyekaa kuamua haya.

Sasa turudi juu. Tiara ya Ahmedabad haina mkia. Mkia hutuliza: huongeza ukinzani wa hewa upande wa chini na kuizuia tiara isijizungushe. Tiara ya kupigana haitaki utulivu wa namna hiyo. Imetengenezwa kwa karatasi laini ya pembe nne, uti mmoja wa mwanzi ulionyooka kutoka kichwani hadi chini, na upinde mwembamba unaokatiza kutoka bawa hadi bawa. Upinde huchongwa mwembamba makusudi ili ulegee. Uzi unapovutwa, upepo husukuma mabawa nyuma, upinde hukunjika zaidi, na karatasi hupata umbo la tumbo la mashua. Hapo tiara hutulia na kwenda kule kichwa kilikoelekea. Uzi unapolegezwa, upinde hujinyoosha, karatasi hurudi kuwa bapa, na tiara huanza kuzunguka ovyo. Mrushaji husubiri. Kichwa kikifika upande anaoutaka, kulia, kushoto, au hata chini kabisa, huvuta, na tiara hukimbilia huko.

Ufundi wote wa kuongoza kwa uzi mmoja ni huo. Hakuna usukani. Mtoto hukiacha chombo kipoteze mwelekeo kwa kitambo kifupi, kisha hukichukua tena kwa wakati wake. Maelezo haya huchukua dakika moja kusoma na majira kadhaa ya Januari kuyaweka mkononi, na kaka mkubwa anayeyajua huwa hayaelezi, hunyang'anya uzi na kusema, "Tazama."

Kabla ya kurusha kuna kinna, yaani hatamu. Ni uzi mfupi unaopitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa karatasini, juu panapokutana uti na upinde na chini karibu na mwisho wa uti, kisha hufungwa uunde pembe tatu. Kinna ndiyo inayoamua tiara itaukabili upepo kwa mwinamo gani. Fundo likisogea kwa upana wa ukucha, tiara hugoma kupanda au huinamisha kichwa na kurudi chini. Usiku wa Januari 13 familia hukaa sakafuni zikifunga kinna kwa makumi. Ni kazi ya nyumbani ambayo hakuna mtoto anayesingizia kuisahau.

Uzi nao una historia yake. Ahmedabad ilikuwa mji wa pamba: Ranchhodlal Chhotalal alifungua kiwanda cha kwanza cha nguo huko mwaka 1861, na vingi vikafuata hadi mji ukaitwa Manchester ya India, jina lililodumu kuliko viwanda vyenyewe, ambavyo vingi vilifungwa kuanzia miaka ya 1980. Uzi wa tiara ni uzi wa kushonea wa pamba, uliosokotwa kwa nyuzi 6, 9 au 12. Wiki chache kabla ya sikukuu, kando ya barabara za mji mkongwe husimikwa milingoti miwili miwili. Uzi huzungushwa kati yake, na fundi hutembea kutoka mlingoti hadi mlingoti akiusugua kwa bonge la rojo alilolikamata kiganjani: wali uliopondwa na gundi, unga wa vioo vilivyosagwa, na rangi, mara nyingi ya waridi iliyokolea. Vidole amevifunga vitambaa, na havitoshi. Wengi wa mafundi hao hutoka Uttar Pradesh, kaskazini, ambako mji wa Bareilly una sifa ya kazi hiyo.

Uzi uliopakwa hivyo huitwa manja. Ukikauka hukunjwa kwenye firki, kibiringo chenye mshikio kila upande, na huuzwa kwa yadi: 1,000, 2,500, 5,000. Firki ya yadi 5,000 imebeba zaidi ya kilomita nne na nusu za uzi, na bado kuna mtoto atakayewaeleza wazazi wake kwamba ya mwaka jana haikutosha.

Nyuzi mbili zinapokutana angani, kila moja ni msumeno na kila moja ni mti. Inayokatika huamuliwa na msuguano. Uzi uliosimama husagwa mahali pamoja na vipande vipya vya kioo vinavyokuja mfululizo. Uzi unaokimbia hugawanya msuguano huo katika urefu wake wote. Kwa hiyo anayetembeza uzi kwa kasi zaidi humkata anayetembeza kidogo, na uzi uliokazwa sana hukatika upesi kuliko uliolegea. Kutokana na hapo zimezaliwa shule mbili. Ya kwanza huachia: hulegeza uzi uende na upepo kwa kasi, ukisaga unapopita. Ya pili huvuta: mikono hukusanya uzi kwa fujo, mita baada ya mita, hadi umejaa miguuni. Wanaoachia huwaona wanaovuta kuwa washamba, na wanaovuta huwaona wanaoachia kuwa wazee. Mabishano haya hayajawahi kuamuliwa, na pengine ndiyo yanayofanya chakula cha mchana kiliwe papo hapo juu ya paa: undhiyu, mchanganyiko wa mboga za msimu wa baridi, jalebi, na vipande vya ufuta vilivyogandishwa kwa sukari guru.

Anayeachia hutegemea mtu wa pili, mshika firki. Huyu husimama nyuma akiiacha firki izunguke vidoleni bila kukwama, kisha huikunja haraka uzi unapolegea. Akikwama, tiara ya mwenzake imekwisha. Kwa kawaida ni mdogo wa mwisho au dada, amebeba nusu ya matokeo, na tiara ya adui ikikatwa hakuna anayetaja jina lake. Ukelele wa ushindi, "Kai po che!", ambao mwaka 2013 ulitumika kuwa jina la filamu ambayo visa vyake hutokea Ahmedabad, humwendea aliyeshika uzi. Hivyo ndivyo mtoto wa mjini anavyoanza kufahamu utawala wa ofisi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba tiara imetengenezwa ipotee. Ni rahisi kwa bei, hukatwa, na mwenyewe hufunga nyingine. Tiara iliyokatwa si yake tena. Kanuni hii haibishaniwi na yeyote: ikishaachana na uzi wake, ni ya atakayeidaka. Chini barabarani hukimbia watoto wenye fito ndefu za mwanzi zilizofungwa matawi ya miiba nchani, na tiara iliyonunuliwa asubuhi na mwana wa mfanyabiashara huweza kurushwa alasiri na mtoto ambaye hakulipa hata paisa. Kama mpango wa kugawa mali upya, umefanya kazi vizuri kuliko mingi iliyopitishwa bungeni. Gharama yake ni kwamba mkimbiaji hutazama juu wakati magari yako chini, na kila mwaka wapo wanaoanguka kutoka kwenye mapaa kwa kosa lile lile.

Nyuma ya karatasi kuna watu wengine. Tiara moja hupita mikononi mwa wengi: mmoja hukata karatasi kwa rundo, mwingine hubandika uti, mwingine upinde, mwingine hukunja pindo juu ya uzi ili karatasi isichanike. Sehemu kubwa hufanywa na wanawake majumbani kwa malipo ya kipande, katika mitaa kama Jamalpur na katika mji wa Khambhat, na wengi wao ni Waislamu wanaotengeneza kwa ajili ya sikukuu ya Wahindu, katika mji uliopitia ghasia za kidini za mwaka 1969 na za 2002 na ambao makazi yake yametengana zaidi baada ya ghasia hizo. Ni rahisi kuligeuza hili kuwa hotuba ya udugu. Wabandikaji hulipwa kwa kipande, si kwa hotuba.

Serikali ya jimbo nayo ina tamasha lake la kimataifa, lililoanza mwaka 1989, ambamo wageni hurusha maturubai makubwa yenye umbo la pweza na joka kando ya Sabarmati. Hayakati wala hayakatwi. Mji ulipata hata jumba la makumbusho la tiara, lililotokana na mkusanyiko wa Bhanu Shah, ndani ya jengo lililosanifiwa na Le Corbusier. Humo tiara ziliwekwa nyuma ya vioo ambavyo havijasagwa.

Uzi wa pamba, hata uliopakwa kioo, ulikuwa na mpaka wake. Ulikatika. Nguvu ya mtu iliishia pale nguvu ya pamba ilipoishia, na kilichobaki kilikuwa ustadi, upepo na mshika firki. Uzi uliosalia juu ya mti ulinyeshewa, ukaoza, ukadondoka. Hakukuhitajika kifungu cha sheria kusema kwamba mchezo uishe. Vifaa viliumaliza vyenyewe. Usafi wake usitiwe chumvi, maana manja ya pamba ilikata vidole tangu zamani, ndiyo sababu warushaji hujifunga plasta, na ilikata mabawa ya ndege pia. Lakini madhara yake yalikuwa na kikomo.

Uzi wa nailoni uliondoa kikomo hicho. Huuzwa kwa jina la "manja ya Kichina," ingawa sehemu kubwa hutengenezwa India kwenyewe, maana aibu hupendelea kuwa na anwani ya ng'ambo. Ni plastiki, wakati mwingine iliyopakwa unga wa kioo au wa chuma. Haukatiki kwa urahisi, unavutika bila kuachia, hauozi, na wenye chuma hupitisha umeme ukigusa nyaya. Kwenye mchezo, athari yake ni kwamba ushindi unaweza kununuliwa: mwenye nailoni humkata mwenye pamba bila kujua lolote kuhusu kuachia wala kuvuta. Nje ya mchezo, athari ni nzito zaidi. Mzigo umehama kutoka kwa wanaocheza kwenda kwa wasiocheza. Mwendesha pikipiki hukutana na uzi uliotandazwa barabarani kwa kimo cha shingo. Uzi wa pamba ungeweza kumjeruhi, wa nailoni humuua kwa sababu yeye ndiye anayekatika kwanza. Njiwa, kwarara, korongo na tai wanaotoka viotani alfajiri na kurudi jioni huning'inia kwenye miti kwa wiki kadhaa baada ya sikukuu. Kila Januari idara ya misitu na mashirika ya hisani hufungua vituo vya kuwatibu, kampeni ya serikali ya jimbo iitwayo Karuna Abhiyan ikiyaratibu tangu 2017, na wananchi huombwa wasirushe tiara asubuhi mapema na jioni. Mji ulioweka chabutro katika pol nyingi ili ndege wapate nafaka sasa huwachangia pia nyuzi za kushonea majeraha.

Julai 2017 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ya India ilipiga marufuku nchi nzima manja ya nailoni na ya vitu vingine visivyooza, kuanzia kutengeneza hadi kutumia. Tangu hapo polisi hukamata makasha kila msimu na kupiga picha nayo. Ugumu wa kutekeleza amri hiyo unaeleweka: firki huingia chini ya kaunta ya duka lolote, msimu ni wa wiki chache, mnunuzi mara nyingi ni mtoto, na angani hakuna anayeweza kuona uzi ni wa nini mpaka ule wake umekatika. Aliyekatwa kwa nailoni mwaka huu ana sababu nzuri ya kuinunua mwaka ujao.

Wakati huo huo mapaa ya pol yamepata bei. Familia nyingi zilizohamia maghorofa ya magharibi mwa mto, ambako paa moja hushirikiwa na wapangaji wasiojuana, hurudi katika mji mkongwe siku ya Uttarayan, na wasio na jamaa aliyebaki hukodi paa kwa siku, chakula kikiwamo. Wakodishaji hupata pia Wagujarati wa ng'ambo, wajukuu wa jamii ile ile ambayo Mombasa na Dar es Salaam zinaijua kwa miaka mingi. Mkodi hulipia mwonekano, upepo na ngazi, na hupewa kwa bei hiyo hiyo mtoto wa mwenye nyumba amshikie firki.

Kuanzia mwishoni mwa Desemba, mafundi wa pikipiki wa Ahmedabad hufunga kwenye usukani ufito wa chuma uliopindwa, unaopanda mbele ya dereva hadi juu ya kichwa, ili uzi ugonge chuma kabla ya shingo. Wengine hujifunga skafu shingoni kwa mizunguko miwili mitatu. Surat, mji mkubwa ulio kusini, huzuia pikipiki kupita kwenye barabara za juu siku ya sikukuu. Ufito huo huuzwa njia panda, kwenye taa za magari, na baadhi ya madereva huuacha hapo hata Januari ikiisha, kwa kuwa nailoni iliyonasa kwenye nyaya za umeme haiondoki na msimu.